Tulipomhukumu Kijana kwa Neno Moja



Wazazi wenzetu na wana wetu wapendwa, tumezoea katika ukurasa huu kuwanasihi vijana. Wiki hii tunaomba ruhusa tukae upande wa wanaonasihiwa, kwani kosa tutakalolisimulia ni letu, na neno lililotutia katika kosa hilo ni dogo mno: herufi nne za Kiingereza.

Mwezi wa Ramadhani uliopita, madrasa kadhaa za mtaani kwetu zilikusanyika kwa mashindano ya kuhifadhi Qurani. Ustadh mmoja, mwenzetu wa miaka mingi, alifungua hadhara kwa kisomo. Alikuwa ametoka hospitali majuma 2 tu nyuma, kanzu ikimpwaya mwilini, lakini sauti aliyoitoa siku ile iliwaliza watu wazima. Usiku huo huo, baada ya Tarawehe, mzazi mmoja alitujia na simu mkononi. Katika kundi la WhatsApp la wanafunzi, mvulana wa miaka 15 alikuwa ameandika: "Wallahi ustadh leo alikuwa sick. Sick sana." Chini ya maneno hayo wenzake walikuwa wameweka vijialama vya moto, na mmoja wao alikuwa ameweka fuvu la kichwa.

Kiingereza chetu si kingi, lakini neno hilo tulilijua tangu shule ya msingi. Sick ni mgonjwa. Tukaona mbele yetu mtoto anayemcheka mwalimu wake kwa maradhi ambayo Mwenyezi Mungu amempa, na wenzake wanaoshangilia kwa moto na mafuvu. Hatukulala vizuri usiku ule. Asubuhi tulimwita yule mvulana, tukamwonyesha simu, tukamwuliza, "Haya umeandika wewe?" Akajibu, "Naam, sheikh." Tukamwuliza, "Huoni haya?" Akainamisha kichwa. Tukamwambia kwamba jina lake limeondolewa katika orodha ya watakaosoma siku ya mahafali, na kwamba asirudi darasani mpaka atufuate na mzee wake. Akasema tena, "Naam, sheikh," akachukua viatu vyake mlangoni akaenda zake.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba tulimwuliza maswali mawili, wala halikuwamo swali lililohitajiwa. Hatukumwuliza, "Umekusudia nini?"

Zikapita siku 10. Jioni moja, tukiwa tunafuturu, tulimsimulia kisa hicho binti yetu anayesoma chuo kikuu, nasi tukitaraji aungane nasi katika masikitiko. Badala yake aliweka kikombe chini. "Baba," akasema, "kwani yule mtoto alikosea nini? Amemsifu ustadh. Sick kwa vijana ni kitu kilichopita kiasi kwa uzuri. Amesema ustadh alisoma kisomo cha ajabu." Tukamwuliza juu ya moto. Akasema moto ni sifa. Tukamwuliza juu ya fuvu. Akasema, "Fuvu ni kusema nimekufa, baba, kama vile bibi anavyosema amekufa kwa kucheka au kwa kustaajabu."

Futari ile ilitukaa kooni.

Tangu hapo tulijitahidi kulifuatilia neno hili, kwani mtu aliyeumwa na nyoka hujifunza sura ya nyoka. Tuliyoyakuta yanafaa kuelezwa katika kila nyumba yenye kijana na simu.

Kwanza, hata kwa Waingereza wenyewe neno hili halina maana moja. Kwa Mmarekani wa kawaida, mtu aliye sick ni mgonjwa wa maradhi yoyote. Mwingereza wa London akisema kwamba mtu alikuwa sick jana usiku, mara nyingi huwa anakusudia kwamba alitapika. Aliyechoshwa na jambo husema yuko sick nalo. Mzaha unaochezea mauti au misiba huitwa mzaha sick. Huko India neno hili liliingia hata katika sheria: mwaka 1985 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kampuni za viwanda zilizo sick, yaani zile ambazo hasara imemeza thamani yake yote. Hapo hakuna homa wala kikohozi, bali ni vitabu vya hesabu tu.

Ama maana iliyotuponza sisi, hiyo ilianza kusikika miongoni mwa vijana wa Marekani katika miaka ya 1980. Ilienea kwa wanafunzi wa vyuo na kwa wale wanaocheza kwa vibao vyenye magurudumu na kwa mbao za kupandia mawimbi. Mwenzao akifanya mruko ambao mwenye akili timamu asingeujaribu, walisema mruko ule ni sick, yaani umevuka mpaka wa uzima wa kawaida. Kisha neno likaacha michezo, likaingia katika muziki, katika mavazi, katika chakula, na mwishowe, kupitia simu, likafika kwenye madrasa yetu.

Wala halikuwa la kwanza kupinduka. Neno bad, ambalo kila mtoto wa shule hulijua kwa maana ya kibaya, lilikuwa likitumiwa na Wamarekani weusi kwa maana ya hodari tangu mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1987 mwimbaji Michael Jackson aliliweka neno hilo juu ya jalada la santuri yake, na dunia nzima ikaelewa kwamba hakuwa akijitukana. Neno terrific lina asili ya Kilatini yenye maana ya kutia hofu, na leo mwalimu huliandika kwenye daftari la mtoto aliyefaulu. Nice lilitokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua, na katika karne ya 14 Mwingereza aliyeitwa nice alikuwa ameitwa mpumbavu. Silly lilikwenda njia ya kinyume: zamani liliwahusu wenye heri na baraka, na leo linamaanisha mjinga. Maneno husafiri kama watu, na mengine hurudi nyumbani yakiwa yamebadili hata sura.

Lakini, wazazi wenzetu, sisi hatukuwa na udhuru wa kusema kwamba Kiingereza ni lugha ya wenyewe. Sisi tumesomeshwa Kiarabu tangu utotoni, na Kiarabu kina mlango mzima wa elimu juu ya jambo hili. Wanavyuoni wa lugha huyaita maneno ya namna hii al-adhdaad, maneno yanayobeba maana na kinyume chake. Qutrub, aliyefariki mwaka 206 Hijria, aliandika juu yake. Abu Bakr ibn al-Anbari, aliyefariki mwaka 328 Hijria, ameacha kitabu mashuhuri chenye jina hilo hilo. Mmoja wetu aliyesoma nahau na sarafu hawezi kusema hajapata kusikia habari hizi.

Tazama neno salim. Mtaani kwetu ukiita jina hilo sokoni watageuka watu 5, na kila mmoja wao ameitwa hivyo kwa kuwa wazee wake walimwombea usalama. Salim ni mzima, aliyesalimika. Lakini Waarabu wa kale walimwita salim mtu aliyeumwa na nyoka au nge. Walifanya hivyo kwa kumtabiria heri, ili ulimi utangulie kumponya kabla ya dawa. Vivyo hivyo jangwa linaloua wasafiri kwa kiu waliliita mafaza, mahali pa kuokoka, na kipofu walimwita basir, mwenye kuona.

Na neno hilo la salim limo katika hadithi ambayo sisi wenyewe tumeisomesha mara nyingi. Katika Sahihi ya Bukhari, Abu Said al-Khudri anasimulia kwamba walipokuwa safarini walipiga kambi, akawajia msichana akawaambia kwamba bwana wa kabila lao ni salim, na kwamba wanaume wao hawako, je, yupo miongoni mwao ajuaye kuzingua? Akaondoka mmoja wao, akamsomea yule bwana, akapona, wakapewa kondoo 30. Hebu fikiri lau masahaba wale wangelishika neno kwa juu juu kama tulivyolishika sisi. Wangemwambia yule msichana, "Kama bwana wako ni mzima, unatusumbulia nini?" na mtu angekufa kwa sumu akiwa jirani na dawa. Lakini walimtazama msemaji, wakaitazama hali yake, wakajua kwamba "mzima" aliyemtaja ni mahututi.

Basi msichana wa jangwani alisema mzima akakusudia mgonjwa, naye akafahamika. Mvulana wa madrasa yetu alisema mgonjwa akakusudia hodari, akafukuzwa. Msichana alipata wasikilizaji wenye subira kuliko mvulana wetu.

Hata katika hukumu za sharia jambo hili lipo. Aya ya 228 ya Suratul Baqara inamwamuru mwanamke aliyeachwa angoje quruu tatu. Neno hilo kwa Waarabu lina maana ya hedhi na lina maana ya tohara iliyo baina ya hedhi mbili. Imamu Shafii, ambaye ndiye tunayemfuata wengi wetu wa pwani hii, alichukua maana ya tohara. Imamu Abu Hanifa alichukua maana ya hedhi. Hesabu ya eda hutofautiana kwa siku kadhaa, na siku hizo zinagusa rejea na ndoa. Pamoja na uzito wote huo, wakubwa wetu walikaa wakachunguza msemo wa Waarabu na dalili zinazozunguka neno, kila mmoja akatoa hoja zake. Sisi kwa neno la mtoto kwenye simu hatukukaa hata dakika 5.

Tukiacha Kiarabu tukaja kwenye Kiswahili chetu, aibu inazidi, kwa maana sisi wazee tunafanya vile vile kila siku. Mtu akisifu mchezaji wa mpira husema, "Yule ni balaa," naye hamwombei balaa. Husema, "Leo alikuwa moto." Fundi mzuri ni mkali. Pilau likipendeza, kuna wasemao pilau lile ni hatari, kisha wakaongeza sahani. Lau Mzungu aliyejifunza Kiswahili katika kamusi angetusikia barazani baada ya sala ya Alasiri, angeita polisi na zimamoto kwa pamoja. Tena hatujapata kumfukuza mzee yeyote barazani kwa kumwita mshambuliaji balaa.

Hapa atainuka mzazi mmoja aseme, "Sheikh, basi watoto waachiwe waseme watakalo?" La hasha. Upande wa pili wa jambo hili upo, nao una hatari ya kweli, si hatari ya pilau. Kama vile neno baya kwa sura linavyoweza kuwa jema, neno jema kwa sura linaweza kuficha baya.

Qurani imetufunza hilo katika aya ya 104 ya Suratul Baqara. Waumini walikuwa wakimwambia Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, "raaina," wakikusudia "tuangalie, tupe nafasi." Walikuwapo wapinzani waliolipotoa neno lile kwa ndimi zao wakalifanya tusi. Waumini wakaamriwa waliache na watumie "undhurna," lenye maana ile ile bila ya mwanya wa kuchezewa. Neno lilikuwa safi. Ubaya uliletwa na makusudio ya waliolibeba.

Nasi watu wa pwani tunalo neno letu la namna hiyo, na limezika vijana wetu. Ni neno unga. Kwa mama aliye jikoni, unga ni sima ya mchana na chapati za jioni. Katika vichochoro vya Mombasa, Malindi na Lamu, unga ni heroini. Mama anaweza kumsikia mwanawe akisema kwenye simu kwamba anangoja unga, akaendelea kukuna nazi kwa utulivu, kwa kuwa neno halikumshtua. Tena husikika "brown sugar," sukari ya rangi ya hudhurungi, nayo ni heroini hiyo hiyo chini ya jina la dukani. Kwa Kiingereza cha mitaani barafu, ice, huwa ni jina la dawa kali ya kulevya, na mtu anayeitwa plug, kile kichwa cha waya wa umeme, huwa ni yule anayekuunganisha na muuzaji au ndiye muuzaji mwenyewe. Ingawa vijana wengine husema plug kwa mtu yeyote anayewapatia viatu vya bei nafuu.

Hapo ndipo penye mtihani, ndugu msomaji. Tulimfukuza mtoto kwa neno lililotisha ilhali halikuwa na kitu, na huenda tumewapita watoto wengine wenye maneno matamu yaliyobeba mauti. Anayehukumu kwa sura ya neno hukosea pande zote mbili. Huwadhulumu wasio na hatia, na huwapita wanaohitaji kuokolewa.

Hatutoi shauri kwamba kila mzazi aikariri kamusi ya vijana. Itakapokuwa amemaliza kuikariri, wao watakuwa wameshabadilisha. Vijana huunda maneno ili wajitambue wao kwa wao, na neno likishajulikana na baba, kwao huwa limepoa. Wala hatushauri kupekua simu usiku wakati mtoto amelala, kwani aya ya 12 ya Suratul Hujurat imetukataza dhana nyingi na imetukataza kupelelezana. Malezi ni jambo jingine, nayo hufanyika uso kwa uso. Tunalosema ni kwamba aya ya 6 ya sura hiyo hiyo imetuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, tukaja kujuta. Aya hii tuliisomesha kwa miaka. Hatukujua kwamba ingetufikia kupitia WhatsApp.

Kwa hivyo sisi sasa, tunapoletewa neno la kijana, tunajilazimisha kuuliza mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyemwambia nani, na je, baina yao kuna mapenzi au uadui? Mvulana yule alikuwa akimbebea ustadh msahafu na mkoba kila siku. Hilo peke yake lingetutosha. Pili, ni maneno gani yaliyokuja kabla na baada? Kijana aliyeanza kwa kuapa kwamba ustadh alikuwa hivi au vile, na wenzake wakamwunga mkono, huenda anatoa ushahidi wa jambo alilolipenda. Tatu, na hili ndilo kubwa, tunamwuliza mwenyewe kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, "Mwanangu, neno hili nyinyi mnalitumia vipi?" Mtoto asiye na hatia atafurahi kukufundisha. Mwenye jambo atababaika, na hapo utajua pa kuanzia.

Tunarudi kwa mvulana wetu. Siku ya pili baada ya maneno ya binti yetu, tulikwenda nyumbani kwao baada ya sala ya Maghribi. Mama yake alidhani tumekuja kuongeza adhabu, akaanza kutuomba radhi kabla hatujaketi. Tukamwambia aketi yeye. Mbele ya baba yake na mama yake tulimwambia mvulana kwamba tumemdhulumu, na kwamba hatukujua maana ya neno lake, wala hatukumwuliza. Tukamwomba atusamehe.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo bado linatuchoma. "Sheikh, mimi nilidhani kosa langu ni kumsifu ustadh kupita kiasi. Nilidhani mmenikataza kumsifu binadamu hivyo. Nikasema sitamsifu mtu tena."

Kwa siku 10 mtoto alikuwa akitubia dhambi ya kumpenda mwalimu wake. Nasi tuliokuwa tukidhani tunalinda heshima ya mwalimu, ndio tuliokuwa tukiing'oa kifuani mwake.

Alirudi madrasa siku iliyofuata. Zilikuwa zimembakia juzuu 4 kukamilisha hifdhi, na kwa uwezo wa Mola sasa zimebaki 2. Nafasi yake ya kusoma siku ya mahafali hatukuweza kuirudisha. Ilikuwa imeshapewa mwenzake aliyejitayarisha, na kuinyang'anya kungekuwa dhuluma ya pili. Alikaa safu ya mbele akamsikiliza mwenzake. Hilo limebaki katika daftari letu sisi, si lake.

Ama ustadh mwenyewe, tulipomweleza kisa chote alicheka mpaka akashika ubavu. Akatuuliza, "Kwa hivyo mimi ni sick?" Tukamwambia, "Sick sana." Akasema, "Alhamdulillah. Madaktari walikuwa wameniambia vivyo hivyo, lakini wao hawakuwa wakinisifu."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe masikio yanayosikia zaidi ya sauti, na ndimi zinazouliza kabla ya kuhukumu, na atuhifadhie vijana wetu kwa yale tunayoyafahamu katika maneno yao na yale tusiyoyafahamu. Wabillahi tawfiq.